Fimbo ya Kabureta ya Mama Jenoveva

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba tatizo la spea lilikwisha. Lilikwisha rasmi mwaka 1988, katika uwanja wa Lushoto, pale mgeni kutoka mkoani alipopanda jukwaani na koti zito, kwa kuwa alikuwa ameambiwa huku kuna baridi, akatamka kwamba milango ya biashara imefunguliwa. Kwamba spea za magari ya kila aina na ya kila umri sasa zinapatikana madukani. Na kwamba enzi ya kuungaunga imezikwa na haitafufuka. Jua lilikuwa kali siku hiyo, na mheshimiwa alitoka jasho, lakini hakuvua koti. Wananchi walipiga makofi. Paskali Shekiondo alipiga makofi kuliko wengi, maana kwa miaka yote iliyozikwa pale, yeye ndiye aliyekuwa akiungaunga.

Paskali alikuwa fundi makanika. Gereji yake ilikuwa uwanja wa udongo nyuma ya mashine ya kusaga, pembeni kidogo ya mji, wenye jiriwa moja iliyofungwa kwenye kisiki na bati la kuzuia mvua ambalo lilizuia baadhi yake. Mtu mfupi, mwenye mikono mirefu, na udhaifu mmoja uliojulikana wilaya nzima: hakuweza kupita mahali palipofunuliwa boneti bila kuchungulia. Aliwahi kuchelewa mazishi ya baba yake mkubwa kwa sababu lori la waombolezaji lilikuwa limeharibika njiani, na yeye, aliyekuwa anakwenda kwa miguu na angewahi, alisimama kuangalia.

Ufundi hakuufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye gari moja, Pijo 404 jeupe lililokuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, mali ya marehemu Anord wa kule Gare. Anord alikuwa karani katika shamba la chai upande wa mashariki wa Usambara. Alilipata gari hilo kwa meneja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akaja nalo nyumbani alipostaafu. Paskali alianza kwa kuliosha, akaendelea kwa kuliuliza maswali. Kila kitu alichokijua kuhusu magari alikijua kwanza kwenye lile. Magari mengine aliyapima kwa jinsi yalivyofanana nalo, na yale yasiyofanana nalo aliyaona kama yamepotoka.

Anord alipofariki, gari lilibaki kwa mjane wake, Mama Jenoveva, mkunga mstaafu. Aliliendesha mwenyewe, ameketi juu ya mto uliofumwa, akishuka Mombo na plamu na kabichi, akipanda na sabuni na habari. Wagonjwa wa Gare walijua kwamba usiku wa shida mlango wa kugonga ni wake.

Sasa, ndani ya boneti la gari hilo kulikuwa na kitu kimoja kilichomsumbua Paskali. Dereva akikanyaga mafuta, pedali inavuta mikono kadhaa midogo, na wa mwisho wake ni kifimbo cha chuma chenye urefu wa shubiri hivi, chenye kikombe kila ncha. Kikombe kimoja hukaa juu ya kichwa cha duara upande wa gari, kingine juu ya kichwa cha duara cha kabureta. Fimbo ikisukumwa, kabureta inafunguka, gari linakimbia. Springi ikiirudisha, gari linatulia. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini fimbo iliyokuwemo Paskali alipolijua gari ilikuwa imetengenezwa kwa mkono na mtu asiyejulikana. Ilipochakaa, Paskali alitengeneza nyingine kwa kuiiga ile. Hiyo nayo ilipochakaa, akaiiga ya kwake mwenyewe. Fimbo halisi, iliyotoka kiwandani, alikuwa hajawahi kuiona hata siku moja. Alikuwa kama mtu aliyechora picha ya babu yake maisha yake yote kwa kusimuliwa.

"Kwani ikoje?" alimwuliza kila dereva aliyetoka mbali. Hakuna aliyejua. Madereva wanajua pedali.

Fimbo ya mwisho ya Paskali iliharibu sifa yake mwezi wa pili, kwenye kona ya juu ya Soni. Kikombe chake kilikuwa kimelika hadi kikawa yai. Mama Jenoveva alikanyaga mafuta apande. Alipoachia, mafuta hayakuachia. Fimbo ilikuwa imechomoka nusu na kujikwamisha kwenye pembe ya injini. Gari likanguruma kama lina ugomvi na mtu. Mama Jenoveva, ambaye katika kazi yake alikuwa ameona mambo mengi yakitoka kwa kasi, alizima ufunguo, akashika usukani, akaingia shambani kwa mtu na kusimama katikati ya maharage. Hakuumia. Aliteremka, akamwomba radhi mwenye shamba, akamwuliza hali ya mtoto wake, kwa sababu ndiye aliyemzalisha mama wa mtoto huyo.

Habari zilifika Dar es Salaam kabla ya maharage kusimama wima tena. Mwanawe Justin, aliyekuwa na kazi ya ofisini na moyo mzuri, akapiga simu parokiani. Alisema Pasaka atakuja. Akikuta gari lina spea halisi, sawa. Akikuta limeungwaungwa tena, atalikabidhi kwa wanunuzi wa chuma chakavu Korogwe, na mama atapanda basi kama watu wengine.

"Ameniambia kama vile mimi ndiye niliyetoka tumboni kwake," Mama Jenoveva alimwambia Paskali. Alikuwa amesimama kwenye gereji na kanga yake ya pili mabegani, hataki kukaa. "Paskali mwanangu, mimi nikipanda basi, watu wa usiku watagonga wapi?"

"Hatutafika huko, mama. Siku hizi spea zipo. Imetangazwa."

"Niliwasikia. Basi nenda kazilete."

Paskali alishuka Tanga. Duka la spea alilolijua lilikuwa la Abdulaziz, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye katika miaka ya ukame wa spea aliendesha duka hilohilo likiwa tupu, kwa kueleza tu. Sasa rafu zilikuwa zimejaa. Paskali alisimama mlangoni akatazama. Maboksi, mikanda, mafilta, vyote vina harufu ya plastiki mpya. Akampa namba za kibati cha gari, alizozinakili kwa uangalifu.

"Pijo kongwe," Abdulaziz alisema. "Itatoka Mombasa. Lakini itatoka."

Ikatoka. Ilikuja na basi kabla ya Jumapili ya Matawi, ndani ya boksi dogo, imefungwa kwa karatasi yenye grisi. Paskali aliipeleka nyumbani badala ya gereji. Alinawa mikono kwanza. Aliifungua juu ya meza ya kulia, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaifuta grisi, akainusa. Vikombe vyake vilikuwa na springi ndogo ndani, jambo ambalo hakuwahi kuliwaza hata ndotoni. Alivibonyeza kwa ncha ya msumari. Vikarudi. Akavibonyeza tena.

Mkewe Secilia alikuwa mlangoni na sufuria la makande.

"Mimi uliponioa hukunitazama hivyo."

"Wewe hukuja na karatasi ya grisi."

"Toa chuma chako mezani, watu wale."

Kesho yake akapanda Gare na fimbo mfukoni. Akafungua boneti, akatoa fimbo ya zamani, akaweka mpya. Kikombe cha upande wa gari kilikaa kwenye kichwa chake kwa mlio mzuri. Kikombe cha upande wa kabureta hakikukaa. Kilikuwa kidogo kuliko kichwa. Na hata kingekaa, fimbo yenyewe ilipita mbele kwa upana wa vidole viwili. Ingewekwa, gari lingewaka likiwa tayari linakimbia.

Paskali aliitazama fimbo, akalitazama gari. Kwa kuwa gari alikuwa analijua, akahukumu fimbo.

Alirudi Tanga na hasira ya mtu aliyesafiri kwa basi na hasira hiyo tangu alfajiri.

"Bwana Abdulaziz, umeniletea ya gari lingine."

Abdulaziz alivaa miwani, akasoma boksi, akasoma karatasi ya namba, akasoma tena boksi. "Fundi, namba ni hii hii. Fimbo ni ya Pijo 404. Gari lako ndilo la gari lingine."

"Gari lile nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

"Hilo sibishi. Mke wako simjui." Akainama chini ya kaunta, akatoa kitabu kikubwa cha michoro chenye jalada lililochanika, akakifungua kwenye ukurasa wa kabureta. "Angalia mwenyewe. Nionyeshe kosa langu."

Paskali aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu kiasi kwamba wateja wengine walihudumiwa na kuondoka. Kabureta iliyochorwa pale ilikuwa na umbo lingine. Mkono wake ulikuwa upande mwingine. Na chini yake, mahali inapokaa juu ya injini, palikuwa na gasketi ya karatasi, basi.

"Bamba liko wapi?" aliuliza.

"Bamba gani?"

"Bamba la alumini. Nene. La kukalia kabureta."

"Hakuna bamba, fundi. Halijawahi kuwepo."

Paskali alikaa kwenye boksi la betri. Hapa inabidi lisemwe jambo ambalo hakumwambia Abdulaziz. Miaka michache nyuma, mwalimu mmoja kutoka Moshi alipita Lushoto na Pijo 404 lililokuwa linakohoa. Paskali alifungua boneti na kuona kwamba kabureta imekaa moja kwa moja juu ya injini, haina bamba. Alimwonea huruma mwalimu wa watu. Alimweleza kwa upole kwamba kuna mwizi aliyemwibia, akakaa siku nzima na tupa akimchongea bamba jipya, zuri, akalifunga. Mwalimu alishukuru sana. Hakurudi tena Lushoto, na Paskali siku zote alichukulia kwamba ni kwa sababu gari lilikuwa zima.

"Umepauka," Abdulaziz alisema. "Nikuagizie soda?"

Mtu mwingine angerudi nyumbani kutafuta namna ya kumwambia Mama Jenoveva. Paskali alikuwa na swali, na swali lilikuwa na mahali pa kuulizwa. Bamba lilichongwa na mtu; mtu huyo lazima alilichonga kule gari lilikotoka. Aliteremka Muheza, akapata lori lililokuwa linapanda mashamba ya chai, akafika Zirai nguo zote zimeingia vumbi jekundu. Akauliza kama kuna fundi wa zamani wa shamba aliye hai. Wakamwonyesha nyumba yenye mkarafuu mbele, na ukutani pametundikwa magurudumu ya baiskeli yasiyo na baiskeli.

Mzee Bakari alikuwa ameketi barazani anamenya mihogo. Alikuwa ametoka Songea ujanani kuja kuchuma chai, akahamishiwa karakana baada ya kumrekebishia meneja saa yake, na hakurudi kwao tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Kama unauza dawa ya meno, sina meno."

"Natoka Lushoto. Nimekuja kwa ajili ya Pijo la karani Anord."

Mzee Bakari aliweka kisu chini. "Linatembea?"

"Linatembea."

"Bado?" Akaita ndani: "Mwanamisi! Leta kiti! Pijo la karani linatembea!" Halafu akamgeukia Paskali, uso wake umefunguka kama wa mtu aliyepata barua ya mtoto aliyepotea. "Na kabureta yangu?"

Yote yakatoka pale, kwa kituo. Kabureta ya kwanza ya Pijo ilipasuka mwaka ule wa ukame mkubwa. Hapakuwa na nyingine, si Tanga, si Dar, si popote. Wakati huohuo, Landrova la shamba lilitumbukia korongoni, likafa lote isipokuwa kabureta. Mzee Bakari akachukua kabureta ya marehemu mmoja impe uhai mgonjwa mwingine. Matundu ya boliti hayakulingana, akahitaji kitu cha kuyapatanisha.

"Bamba," Paskali alisema.

"Kitako cha sufuria la kantini. Alumini ile ya zamani, nzito. Mpishi alinichukia mpaka alipohamishwa."

Paskali aliitazama mihogo. Miaka yote ile alikuwa akilifuta bamba lile kwa kitambaa safi.

"Na fimbo?"

"Fimbo nilitunga tu. Ncha hii Pijo, ncha ile Landrova. Fimbo ya namna hiyo haipo, mwanangu. Haijawahi kutengenezwa na kiwanda chochote, na haitatengenezwa. Unatafuta nini?"

"Fimbo halisi."

Mzee Bakari alicheka hadi akashika kifua, na Mwanamisi, aliyekuwa amefika na kiti, akacheka naye bila kujua sababu. Kisha mzee akafuta macho. "Basi, halisi yake ndiyo ile. Uliitupa?"

Paskali hakuwa ameitupa, lakini ilikuwa imelika, na Pasaka ilikuwa karibu. Kwenye lori la kuteremka, ameketi juu ya magunia, alilitafakari jambo hilo kutoka pande zote. Justin ametaka spea halisi. Ncha moja ya gari ni Pijo. Fimbo ya Pijo halisi anayo mfukoni. Ncha ya pili ni Landrova. Fimbo ya Landrova, Abdulaziz anayo hata kwenye dirisha, imejaa vumbi, maana Landrova ni nyingi. Kufika Muheza, Paskali alikuwa amegundua kwamba sharti la Justin halikusema spea ngapi, akageukia Tanga kuinunua hiyo ya pili.

Siku ya Ijumaa Kuu haifanywi kazi Gare. Kwa hiyo kazi ilifanyika Jumamosi, uani kwa Mama Jenoveva, kuku wakipita chini ya gari. Paskali alizilaza fimbo mbili mpya juu ya gunia, zote zinang'aa, akachukua msumeno wa chuma. Mkono ulisita. Alikuwa amengoja maisha yake yote kuiona fimbo ya kiwandani, na alikuwa amekaa nayo wiki moja.

"Unaiombea?" Mama Jenoveva aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Naiaga."

Akazikata zote mbili. Nusu ya Pijo ikaenda upande wa gari, ikakaa kwa mlio. Nusu ya Landrova ikaenda upande wa kabureta, ikakaa kwa mlio. Katikati pakabaki ncha mbili zinazotazamana, haziongei.

"Hapa nahitaji mrija, mama. Mwembamba, wa shaba, ncha hizi ziingie ndani. Na ziteleze kwanza, nipate urefu. Urefu wake hauko kwenye kitabu chochote."

Mama Jenoveva alifikiri. Akashuka, akaingia stoo, akatoka na bomba la marehemu la kunyunyizia mibuni dawa, lile la kubeba mgongoni. Mrija wake mrefu wa shaba ulikuwa bado mzuri.

"Huu?"

Paskali aliupima kwa jicho. "Huu. Lakini mama, bomba..."

"Kata. Mibuni haina uchungu usiku."

Akakata kipande, akakivalisha katikati. Ukaanza mchezo ambao majirani walisimama kuutazama juu ya ua.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Achia. Hapana, haijarudi yote. Subiri, nasogeza. Kanyaga tena."

"Nimekanyaga. Mguu wa mkunga huu, si wa kuchezea."

"Achia. Hapo! Usipumue."

Akaweka alama kwa msumari, akaitoa, akaiunga kwa shaba juu ya makaa na kipulizio, akaipoza, akaisugua. Mwisho akaipaka rangi nyeusi kuanzia kikombe hadi kikombe, kwa sababu chuma kisichopakwa rangi kinashika kutu. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa.

Justin alifika jioni ileile, amevaa viatu vya mjini. Alimwamkia mama, akaja moja kwa moja kwenye gari.

"Shikamoo, mjomba Paskali. Haya, nionyeshe."

"Marahaba." Paskali alifungua boneti.

Justin aliinama. Aliona kikombe kipya chenye springi. Akafuata fimbo kwa kidole hadi upande wa pili, akaona kikombe kingine kipya. Juu ya gunia palikuwa na maboksi mawili. Akayaokota, akayasoma.

"Halisi?"

"Zote mbili. Muulize Abdulaziz."

"Moja ya Landrova?"

"Kabureta ni ya Landrova. Marehemu baba yako alibadilisha, kabla hujaanza shule. Kuna mzee Zirai anakusalimu."

Justin alimtazama mama yake, aliyekuwa anatazama kuku. Akaketi kwenye mto uliofumwa, magoti yakamfika usukanini, akawasha. Paskali akapanda ubavuni. Walishuka hadi Soni, wakageuza. Kwenye ile kona ya juu, mbele ya shamba la maharage, Justin alikanyaga mafuta hadi mwisho, akaachia ghafla.

Gari likatulia.

Akakanyaga tena, akaachia tena. Likatulia tena. Mwenye shamba, ambaye alikuwa ameanza kukimbilia upande wa nyumba, alisimama akapunga mkono.

"Unaona, mjomba?" Justin alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeondolewa mzigo. "Si niliwaambia? Spea halisi ni kitu kingine."

"Ni kweli," Paskali alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, maana kulikuwa na mlio mdogo upande wa kulia ambao hakuujua, na alikuwa ameshaanza kutamani kufungua.

Jumatatu ya Pasaka Justin alirudi Dar es Salaam kwa basi, na gari likabaki Gare. Wiki hiyohiyo lilimteremsha mama mmoja hospitali kabla ya jogoo wa kwanza, na wakarudi watatu.

Mibuni ya marehemu haikupigwa dawa msimu ule. Mrija mpya wa bomba uliagizwa Tanga, kwa Abdulaziz, mwezi wa nne. Mvua za vuli zilipoanza, ulikuwa haujafika.